Annamaria, Anna-Maria au Anna Maria? Namna ya kuandika jina la mtoto lenye maneno mawili

Kwa sikio ni jina moja. Ukimwita mtoto kutoka uani, hakuna atakayejua kama umemwita Annamaria, Anna-Maria au Anna Maria. Kwenye karatasi ni majina matatu tofauti, na lile ambalo muuguzi ataliandika kwenye tangazo la kizazi ndilo litakalokwenda RITA, wakala wa usajili wa vizazi Tanzania Bara, kisha shuleni, kisha NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, Uhamiaji, benki na kwenye usajili wa laini ya simu.

Mimi nafanya kazi steshenari. Wanaokuja kwangu wanataka kujaziwa fomu: cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, pasipoti, mkopo wa chuo, ajira. Nimewaona vijana wakihangaika na jina la maneno mawili ambalo aliyeliandika siku ya kwanza hakulifikiria hata dakika moja. Kwa hiyo ningependa mzazi ambaye bado hajaandikisha azione njia zote tatu kwa pamoja kabla kalamu haijagusa karatasi. Nasema mapema ninakoegemea: majina mengi ya namna hii hutulia zaidi yakiunganishwa. Mengi, si yote. Sababu za Anna Maria si sababu za Abdulrahman, na John Paul ana mtego wake mwenyewe.

Maneno manne, visanduku vitatu

Fomu zetu Tanzania zimejengwa juu ya majina matatu: la mwenyewe, la baba, na la babu au ukoo. Tuchukue mtoto wa mfano. Jina lake Anna Maria, baba yake Joseph, ukoo wao Mushi. Likiandikwa kwa kuacha nafasi, una maneno manne yanayotakiwa kuingia visanduku vitatu.

Mjazaji wa kwanza ataweka Anna Maria, kisha Joseph, kisha Mushi. Wa pili ataona yamezidi, ataweka Anna, Maria, Mushi, na baba mtu ameondoka kwenye karatasi. Wa tatu ataweka Anna, Maria Joseph, Mushi. Wa nne ni mwalimu mwenye darasa lililofurika na rejista ya mistari myembamba. Yeye ataandika Anna M. Joseph. Wote wamefanya kazi yao kwa nia njema, na kila mmoja ameacha nyuma yake karatasi yenye muhuri.

Karatasi hizo zitakutana. Shule humwingiza mtoto kwenye mfumo wa PREM wa Baraza la Mitihani, na jina lililomo humo hufuatana naye hadi kwenye mitihani. Akifikisha miaka 18 anaomba kitambulisho cha NIDA, anapata namba ya tarakimu 20, na majina yaliyoingizwa siku hiyo ndiyo yatakayotokea kila anapoweka kidole kusajili laini. Akiomba mkopo wa chuo, cheti chake cha kuzaliwa kinahakikiwa RITA, na majina yanatakiwa yaoane na ya vyeti vya shule. Hapo Anna Maria Joseph Mushi na Anna Joseph Mushi wanasomeka kama watu wawili, na familia inaanza kumtafuta wakili wa kuapisha kwamba ni mtu yule yule, siku za mwisho kabla dirisha la maombi halijafungwa.

Annamaria Joseph Mushi ni maneno matatu kwa visanduku vitatu. Hakuna mahali ambapo mjazaji atalazimika kuamua kwa niaba yako. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kuunganisha, na kwangu mimi inazidi nyingine zote.

Kenya ugumu ni huo huo kwa sura nyingine. Mtoto wa Kikuyu mara nyingi hubeba jina la ubatizo, jina la mzee wa familia na jina la baba. Binti wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa baba. Anna Maria Wanjiku Kamau tayari ni manne. Mjazaji akitafuta la kupunguza, ama Maria ataondoka, ama bibi. Na cheti cha kuzaliwa ndicho shule inachotumia kumwandikisha mtoto mtihani, kwa hiyo lililokatwa huko juu halirudi kirahisi huku chini.

Kistari hakivuki mpaka

Wazazi wengi wanapenda kistari, wengine huita deshi. Kinaonekana kizuri, na kina faida moja ya kweli: mtu anayeandika kwa mkono akikiona anajua maneno haya yameshikana, hatayatenganisha ovyo. Anna-Maria huingia kisanduku kimoja bila ubishi.

Tatizo lake ni mashine. Fungua pasipoti yoyote kwenye ukurasa wa picha, tazama chini kabisa. Kuna mistari miwili ya herufi, tarakimu na alama ya <, kila mstari una nafasi 44. Hiyo ndiyo mistari inayosomwa na mashine pale uwanja wa ndege. Utaratibu wake umewekwa na ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, katika waraka wake namba 9303. Jina zima limepewa nafasi 39: ukoo kwanza, kisha alama mbili za <, kisha majina mengine yaliyotenganishwa kwa alama moja moja. Kistari hakiruhusiwi humo. Kila kilipo kinageuzwa kuwa <, sawa kabisa na nafasi. Kwa hiyo mtoto wetu wa mfano atasomeka hivi:

Annamaria: MUSHI<<ANNAMARIA<JOSEPH
Anna-Maria: MUSHI<<ANNA<MARIA<JOSEPH
Anna Maria: MUSHI<<ANNA<MARIA<JOSEPH

Tazama mistari miwili ya chini. Mashine haijui kwamba mmoja ulikuwa na kistari. Mzazi aliyechagua kistari ili kuyashikanisha majina mawili, mbele ya mashine hakupata alichokitaka.

Tiketi za ndege ni habari nyingine. Mifumo mingi ya tiketi huondoa nafasi na vistari vyote, ikabandika majina pamoja, wakati mwingine hata na MISS au MR mwishoni. Wateja huja wameshika tiketi iliyoandikwa ANNAMARIAJOSEPH wakiwa na wasiwasi kwamba watarudishwa. Hilo ni jambo la kawaida la tiketi na halitokani na uchaguzi wako wa leo. Njia zote tatu huishia hapo.

Kistari kina shida nyingine ambayo nakutana nayo kazini mara kwa mara. Zipo fomu za mtandaoni zinazokataa alama yoyote isiyo herufi. Unaandika Anna-Maria, kisanduku kinageuka chekundu, huendi mbele. Hapo anayejaza ana mawili: aondoe kistari aunganishe, au aondoe kistari aache nafasi. Fomu ya leo itajazwa na mimi, ya mwakani na mwenzangu wa mtaa wa pili, na si lazima tuamue sawa.

Kwa ufupi, nikiziweka njia tatu ubavuni mwa kila moja:

| Jambo | Annamaria | Anna-Maria | Anna Maria |
|---|---|---|---|
| Fomu ya visanduku vitatu | Huingia bila kukatwa | Huingia, kama mwandishi ataheshimu kistari | Hutegemea mjazaji |
| Mistari ya mashine kwenye pasipoti | Jina moja | Majina mawili | Majina mawili |
| Fomu za mtandaoni | Hupita zote | Nyingine hukataa | Hupita, ila la pili huweza kuhamia kisanduku cha kati |
| Kuandikwa kwa mkono na mtu aliyesikia tu | Huweza kutenganishwa | Kistari husahaulika | Ndivyo wengi wanavyoandika |
| Mtoto akitaka kutumia nusu baadaye | Ngumu | Inawezekana kidogo | Rahisi |

Mstari wa mwisho wa jedwali usipuuzwe. Kuna watu wazima wanaoshukuru kwamba wazazi waliwaachia majina mawili yaliyo huru, wakachukua moja.

Mwite kwanza

Kabla ya kuamua, mwite mtoto kwa sauti, zaidi ya mara moja, kama utakavyomwita akiwa na miaka saba yuko kwa jirani. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Annamaria ina mkazo mmoja, kwenye RI. Anna Maria ina miwili, AN na RI, na katikati unapumua kidogo. Ukijisikia unatamka wa kwanza, hilo ni jina moja na liandikwe kama moja. Ukijisikia unasema Anna tu, na Maria linabaki la siku ya ubatizo na la bibi aliyeomba, basi una majina mawili na ni haki yake kila moja lisimame lenyewe. Hapo nafasi ndiyo sahihi, ila ujue tangu leo kwamba Maria atakaa jirani na jina la baba na mara nyingine atamsukuma.

Kuunganisha nako kuna mipaka. Annamaria, Marystella na Gracemaria yanasomeka. Elizabethgrace ni mzigo, jicho halijui lipumzike wapi. Neno likishakuwa hivyo, ushauri wangu ni kuchagua moja na lile jingine libaki la ubatizo au la nyumbani.

Halafu kuna wanaoandika AnnaMaria, wakiweka M kubwa katikati ili jina lionekane ni mawili yaliyokumbatiana. Linapendeza kwenye kadi ya mwaliko. Lakini nyaraka nyingi rasmi huandika majina yote kwa herufi kubwa, na ikishakuwa ANNAMARIA, ile M haina tofauti na nyingine. Na kwa kuwa Kiswahili hakisikii n mbili, jiandae kuona Anamaria. Kama n mbili ni muhimu kwako, zitaje kila unapotaja jina.

Abdulrahman: hapa sina mashaka

Kwa majina ya Abdul naacha kushauri, naomba. Unganisha.

Abdulrahman ni mja wa Mwingi wa Rehema. Kwa Kiarabu huandikwa kwa maneno mawili, lakini ni jina moja lisilogawanyika. Likiandikwa Abdul Rahman kwenye fomu zetu, Abdul anaingia kisanduku cha kwanza na Rahman cha pili. Abdul peke yake ni "mja wa", bila kusema wa nani. Rahman peke yake ni jina la Mwenyezi Mungu, na masheikh hufundisha wazi kwamba mtu hapewi jina hilo likiwa tupu. Mwalimu anayeita "Rahman!" darasani hana kosa, anasoma rejista. Karatasi ndiyo iliyomtenga mtoto na neno lililompa heshima ya kulibeba jina hilo.

Uzito huo hupungua kidogo kwa Abdulkarim au Abdulaziz, kwa sababu wapo watu wengi wanaoitwa Karim na Aziz na hakuna anayeshtuka. Hata hivyo bado jina linapasuka, na bado baba anasukumwa kisanduku cha mwisho. Nurdin, Shamsudin na Badrudin nayo yaunganishwe, maana Din haliwezi kusimama kama jina la mtu.

Watu wa pwani yetu walishaliamua jambo hili kwa vitendo. Abdulrahman Babu, mwanasiasa wa Zanzibar, aliandikwa kwa neno moja. Abdulrahman Kinana hivyo hivyo. Abdulwahid Sykes wa siasa za Dar es Salaam kabla ya uhuru, hivyo hivyo. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948 na kupata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, naye ni neno moja, tena lenye z moja na k mwishoni. Kuacha nafasi si kosa kila mahali duniani. Waziri mkuu wa kwanza wa Malaya ilipopata uhuru mwaka 1957 ni Tunku Abdul Rahman, na kule ndiyo desturi yao. Lakini mtoto atakayesoma Tanga au Mombasa atajaziwa fomu na watu wa Tanga na Mombasa.

Ukishaunganisha, bado una kazi ya herufi. Hapa pana utajiri kweli kweli, na wazazi hukosana bila sababu. Kiarabu kinapotamka jina hili, l humezwa na r, ndipo Waturuki huandika Abdurrahman. Wasomali, na ndugu zetu wengi wa kaskazini mashariki mwa Kenya, huandika Abdirahman. Mshairi Abdilatif Abdalla wa Mombasa ana i pale ambapo mwingine angeweka u, na l moja pale ambapo mwingine angeweka mbili. Na Kiswahili chenyewe hupenda kumalizia kwa irabu, kwa hiyo wazee wetu wengi ni Abdulrahmani, kama walivyo Saidi na Rajabu. Hakuna la kuona aibu kati ya hayo.

Mimi huangalia karatasi za babu. Mara nyingi mjukuu wa kiume hupewa jina la babu yake, na kwa utaratibu wetu jina hilo litatokea mara mbili kwenye mstari mmoja: Abdulrahman Said Abdulrahmani. Jina lile lile, tahajia mbili, kwenye cheti kimoja. Ofisa makini lazima aulize lipi ni sahihi. Kwa hiyo kama kitambulisho cha babu kina i mwishoni, ama mjukuu naye apewe i, ama familia ikubaliane mapema kwamba kwenye karatasi za mtoto majina yote mawili yataandikwa kama yalivyo kwenye kitambulisho cha baba. Kama familia ina ndugu Oman na karatasi za pande mbili huwa zinakutana kwenye mirathi au viza, linganisheni kabla ya kuandikisha. Pasipo sababu ya kifamilia inayovuta upande wowote, chagua Abdulrahman, kwa kuwa ndiyo tahajia ambayo waandishi wengi wa huku wameizoea mkononi.

Kwa mabinti, Nurulhuda huunganishwa kwa sababu ile ile ya Abdul: Nurul haliwezi kuishi peke yake. Fatma Zahra ni tofauti. Fatma ni jina kamili, Zahra ni jina kamili, na mzazi ana uhuru wa kweli wa kuchagua. Rudi kwenye kipimo cha kuita.

John Paul ni mtoto wa Paul?

Anna Maria likikatwa vibaya, angalau msomaji hushtuka, kwa kuwa Maria ni jina la kike na haliwezi kuwa la baba. John Paul hana kinga hiyo. John Paul Mushi, kwa macho ya Mtanzania yeyote, ni John mtoto wa Paul. Hakuna mwalimu, karani wala ofisa atakayefikiri vinginevyo, kwa sababu ndivyo majina yetu yalivyo. Joseph, baba halisi, anakuja kugundua mwanawe amesajiliwa kwa baba mwingine.

Hivyo kwa watoto wa kiume wenye majina mawili ya kiume, kuacha nafasi ni hatari kuliko kwa mabinti. Isa Ibrahim, Daniel James na Mohamed Amin yanaangukia humo humo.

Jina lenyewe la John Paul lina historia nzuri ya kumsimulia mtoto. Papa Yohane Paulo wa Kwanza, mwaka 1978, ndiye wa kwanza kuchukua jina la upapa lenye maneno mawili, kwa heshima ya watangulizi wake wawili, Yohane wa 23 na Paulo wa 6. Mrithi wake, Yohane Paulo wa Pili, alizuru Tanzania Septemba 1990, na familia nyingi za Kikatoliki zinaikumbuka ziara hiyo. Kwa asili basi ni majina ya watu wawili, na mtu anayejali asili atataka kuyaacha yakionekana mawili. Naielewa hamu hiyo. Bado ningeandika Johnpaul. Ukiona hilo linakuchoma macho, John-Paul ni bora mara nyingi kuliko John Paul, pamoja na udhaifu wote wa kistari niliousema, kwa sababu angalau kwenye cheti cha kuzaliwa hakuna atakayedhani Paul ni baba.

Mwana na Bi

Haya yaunganishwe bila mjadala mrefu: Mwanahawa, Mwanaidi, Mwanakombo, Bihawa, Bimkubwa. Ukitenganisha Bi, karani atalisoma kama cheo. Kwenye fomu nyingi kuna sehemu ya kuchagua Bw. au Bi.; Bi ataingia huko, na mtoto atabaki Hawa. Mwimbaji wa taarabu Mwanahawa Ally huandikwa kwa neno moja, na hivyo ndivyo watu wamezoea. Utakumbuka kwamba malenga wa karne ya 19 wa upande wa Lamu huandikwa Mwana Kupona. Pale Mwana ni neno la heshima kwa bibi mkubwa wa nyumba, na vitabu vimelihifadhi hivyo. Mtoto wa leo hapewi heshima hiyo kwenye fomu, anapewa jina.

La kuangalia ni pale irabu mbili zinapokutana. Mwanaasha ina a mbili na moja hupotea njiani, likawa Mwanasha. Ukilipenda, lichukue na a zake zote mbili, na uzihesabu kwenye kila karatasi.

Kistari kinapokuwa kwao

Kuna familia ambazo kwao kistari ndicho desturi, na sitawashauri wakiache. Kongo, Burundi na Rwanda majina ya ubatizo yamefuata Kifaransa, na Kifaransa huyashikanisha majina haya kwa kistari. Jean-Baptiste Bagaza aliyeongoza Burundi kuanzia 1976 hadi 1987, Laurent-Désiré Kabila aliyeishi miaka Dar es Salaam kabla ya kushika madaraka Kinshasa, Jean-Pierre Bemba. Hayo ni majina yanayotazamiwa kuwa na kistari, na hata vifupisho vyake hubeba kistari, J.-B. Familia ya Kigoma yenye ndugu Bujumbura, au ya Lubumbashi yenye ndugu Brussels, ikiandika Jeanbaptiste itaonekana imekosea mbele ya ndugu wote. Waandike Jean-Baptiste, na kwenye fomu inayokataa kistari waamue kanuni moja ya nyumbani: nafasi, kila mara, na maneno yote mawili ndani ya kisanduku cha jina la kwanza.

Wajue pia kwamba alama za juu ya herufi hupotea. Désiré huwa DESIRE kwenye mistari ya mashine. Ritifaa nayo huondolewa bila kuacha pengo: Jean d'Amour huwa JEAN<DAMOUR. Wasukuma wenye Ng'wana mwanzoni mwa jina wako kwenye mashua hiyo hiyo, maana NG' hubaki NG tu.

Siku ya kuandikisha

Usitaje jina kwa mdomo peke yake. Liandike kwenye kipande cha karatasi, kwa herufi kubwa, majina yote matatu katika mistari mitatu, na mpe muuguzi karatasi hiyo. Kama ni jina la kuunganisha, sema neno hilo: "limeunganishwa, halina nafasi." Akimaliza kuandika tangazo, lisome kabla hujaondoka dirishani. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania Bara, usajili hufanyika hata kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata, na mwandishi yuko mbele yako. Ukiona kosa, lisemee pale pale kabla ya muhuri. Zanzibar ni wakala mwingine wa usajili, lakini tahadhari ni ile ile.

Kisha hakikisha kadi ya kliniki na cheti cha ubatizo vinafuata tahajia hiyo. Wazazi huona hizo ni karatasi ndogo. Lakini mtoto aliyechelewa kusajiliwa hutakiwa kuleta ushahidi wa kuzaliwa, na cheti cha ubatizo ni miongoni mwa vinavyoletwa. Kikisema Anna Maria na wewe unaomba Annamaria, umeanza na tofauti.

Na kama tayari cheti kina nafasi, na mtoto yuko chekechea? Kama Annamaria ndilo jina mlilokusudia na limekosewa tu namna ya kuandikwa, nenda RITA ukaulize marekebisho sasa, wakati cheti hicho ndiyo karatasi pekee aliyo nayo na hajaingizwa PREM. Hapo ni kurekebisha sehemu moja. Akishakuwa na cheti cha shule, mabadiliko ya jina yanaweza kudai hati ya kubadili jina iliyoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, kisha kila ofisi ipelekewe nakala. Kama hutaki kubadilisha chochote, basi Anna Maria aandikwe Anna Maria kila mahali, yote mawili kwenye jina la kwanza, bila kufupishwa kuwa Anna M. Siku ya kumwandikisha darasa la kwanza beba cheti halisi, mwoneshe mwalimu, na uombe uone jina lilivyoandikwa kwenye mfumo kabla hujatoka ofisini.